Siku sita, mechi tano, mapipa mawili ya maji: safari ya Sewanee, Novemba 1899

Jumanne, 7 Novemba 1899

Viatu vimesahaulika.

Ndivyo inavyosimuliwa tangu zamani, na msimuliaji yeyote wa safari hii huanzia hapo, basi nami sina ujanja. Treni imeshaondoka, vijana wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo cha Sewanee wameshakaa, mtu anauliza njumu ziko wapi, wanatazamana. Zimebaki stesheni. Meneja wa timu anakimbilia simu ya maandishi na kuagiza zipakiwe kwenye treni inayofuata. Jina lake Luke Lea, mwanafunzi, umri wake miaka 20.

Mshike huyo Lea, maana safari nzima ni yake. Wachezaji walicheza, kocha Herman Suter aliyetoka Princeton alifundisha, lakini aliyekaa na ramani, ratiba za treni na rundo la barua hadi akaibuka na mpango ambao leo daktari wa timu yeyote angeuchana ni kijana huyu. Mechi tano ndani ya siku sita, zote ugenini, katika miji mitano ya majimbo matatu. Mzunguko mzima ni karibu maili 2,500, yaani kilomita 4,000 hivi, wote kwa treni. Sisi tumezoea kusikia makocha wakilia na viporo, kwamba timu imecheza Jumatano na inatakiwa tena uwanjani Jumamosi. Wasimsikie Lea.

Kwa nini alifanya hivyo? Kwa sababu ya pesa. Mpinzani wa jadi wa Sewanee ni Vanderbilt, chuo cha Nashville, na mechi yao ndiyo iliyokuwa ikijaza uwanja. Mwaka huo walikosana kuhusu mgao wa mapato ya getini, mechi ikafa. Meneja mwenye timu nzuri na mfuko mtupu afanye nini? Akawaandikia watu wa mbali: Texas, Louisiana, Memphis. Ukikusanya mapato ya miji mitano katika safari moja, nauli inajilipa.

Sewanee yenyewe ni kijiji cha chuo kilichokaa mlimani, kwenye uwanda wa juu wa Cumberland, jimbo la Tennessee. Chuo kinaitwa University of the South. Kilianzishwa mwaka 1857 na maaskofu wa Kanisa la Episkopali, mmoja wao Leonidas Polk, askofu aliyemiliki mamia ya watumwa na aliyeuawa mwaka 1864 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani akiwa jenerali wa jeshi la Kusini. Mwaka 1899 kina wanafunzi mia chache tu. Ukitaka kushuka, unapanda treni ya mlimani waliyoibandika jina la Mbuzi, inajikongoja kwenye kona mpaka Cowan, na hapo ndipo unakutana na reli kubwa.

Ndani ya behewa lao la kulala kuna mapipa mawili ya maji ya chemchemi ya nyumbani. Usicheke. Miaka ile homa ya matumbo ilisafiri kwa maji, na mchezaji mmoja kuharisha Austin maana yake ni kucheza pungufu Houston. Tena kuna Cal Burrows, Mmarekani Mweusi, mwenye kazi ya kukanda misuli na kutibu majeraha. Hesabu ya siku zijazo ni ya mwili zaidi kuliko ya mbinu, na mwili uko mikononi mwake. Vitabu vya mchezo huu vinampa mstari mmoja, vikikumbuka.

Hawaendi kama wageni wasiojulikana. Mwezi wa Oktoba wameshaifunga Georgia 12-0, Georgia Tech 32-0 na Tennessee 46-0, na tarehe 3 Novemba wameipiga Southwestern Presbyterian 54-0. Mechi nne, hakuna aliyepata hata pointi moja mbele yao.

Jumatano, 8 Novemba

Njiani. Mto Mississippi umevukwa, na Texas haiishi.

Alhamisi, 9 Novemba. Austin

Mji wa watu elfu 22 hivi. Una minara mirefu ya chuma yenye taa za umeme, inayomulika mitaa kama mwezi mpevu. Ilisimikwa miaka michache tu iliyopita, na umeme wake unatoka kwenye bwawa la Mto Colorado, ambalo miezi mitano baadaye litabomolewa na mafuriko. Mwanafunzi wa mlimani akishuka hapa usiku lazima ashike kofia yake na kutazama juu.

Tusimame kidogo tuuelewe mchezo, kwa sababu hata shabiki wa leo wa futiboli ya Kimarekani asingeutambua. Kurusha mpira kwenda mbele ni marufuku. Ruhusa itakuja mwaka 1906, baada ya vifo vya vijana kumshtua hadi Rais Roosevelt. Kwa hiyo mpira unabebwa, na anayeubeba anasukumwa mgongoni na wenzake, wakati mwingine anavutwa kama gunia, akipenyezwa kwenye ukuta wa watu. Unapewa majaribio matatu kusogea yadi tano. Uwanja una urefu wa yadi 110. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira kwenye mstari wa mwisho wa mpinzani, ni pointi tano, si sita, na teke la nyongeza ni moja. Goli la teke la kawaida nalo ni tano, yaani mguu mmoja mzuri una thamani sawa na vijana kumi na mmoja waliobiringishana matopeni robo saa nzima. Ukitoka umetoka, hurudi. Kofia ngumu hakuna, wengi wanafuga nywele ili zipunguze kishindo.

Wapinzani, Chuo Kikuu cha Texas, walikuwa hawajapoteza mechi msimu huo. Nahodha wa Sewanee, Henry Seibels, ambaye wenzake walimwita Diddy, alipasuka kichwa. Damu ikamtiririka usoni, akafungwa, akaendelea. Leo angetolewa na itifaki yenye kurasa kumi. Siku ile kutoka kulimaanisha kumwachia mtu mwingine nafasi yako, na bado kulikuwa na mechi nne mbele, alibaki.

12-0.

Kuna jina jingine la kulishika hapa: William Claiborne, aliyecheza mstari wa mbele, mtu mwenye jicho moja zima. Inasimuliwa kwamba mechi ikianza alimwonyesha mpinzani wake lile tundu na kumweleza kwa upole kwamba jicho hilo limeondoka katika mechi iliyopita. Sijui wangapi walibaki na hamu ya kumkaba. Mtu huyohuyo baadaye akawa kasisi, akatumia maisha yake kuwahudumia maskini wa milimani. Kwa hiyo ukikutana na padri mpole sana, usimtanie.

Ijumaa, 10 Novemba. Houston

Wameingia usiku, kilomita kama 260 kutoka Austin. Houston bado ni mji wa pamba na mbao, wakazi elfu 44. Mafuta yatalipuka Spindletop mwaka 1901. Wapinzani ni Texas A&M, chuo cha kilimo na ufundi ambacho wanafunzi wake wanaishi kijeshi. Hazijapita saa 24 tangu Austin.

Hapa ndipo ningekosea mkeka. Mtu mwenye akili angesema: jana wamecheza na timu bora ya jimbo, usiku wamelala kwenye behewa, nahodha ana jeraha kichwani, leo wanafungwa au angalau wanaruhusu kitu. Ushindi ulikuwa mdogo kuliko mingine yote ya safari, 10-0, na hiyo yenyewe inakueleza jinsi miguu ilivyokuwa imeanza kudai. Lakini sifuri ilibaki sifuri.

Jumamosi, 11 Novemba. New Orleans

Kilomita zaidi ya 500 usiku mmoja, zikipita kwenye vinamasi vya kusini mwa Louisiana. Sehemu ninayoipenda katika usiku huu ni ya asubuhi: hakukuwa na daraja la reli juu ya Mississippi pale New Orleans hadi mwaka 1935. Treni ilikatwa vipande na kuvushwa kwa pantoni. Watu wetu wa Kigamboni wanajua hali hiyo ya kungoja chombo huku upande wa pili unauona. Jaribu kungoja hivyo ukiwa umevimba magoti, na mchana una mechi.

New Orleans ni jiji la kweli, karibu watu 287,000, na ndilo jiji ambalo mwaka 1892 Homer Plessy alipanda behewa la Wazungu kwa makusudi ili akamatwe na sheria ya kutenganisha abiria kwa rangi ipelekwe mahakamani. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani na akashindwa mwaka 1896. Miaka mitatu baadaye anapita Cal Burrows, Mweusi anayesafiri na timu ya chuo cha Wazungu kwenye reli zilezile za Louisiana. Mikono yake ilikubalika kwenye migongo ya wachezaji kila usiku. Tiketi yake ilisomeka vipi, na aliketi wapi njia nzima, hayo hayakuwashughulisha walioandika habari za mechi.

Tulane walifungwa 23-0. Mechi tatu, siku tatu, miji mitatu. Nadhani siku hii ndiyo iliyouvunja moyo wa wapinzani waliobaki, kwa sababu magazeti yalisafiri haraka kuliko treni, na LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, walijua nani anakuja.

Jumapili, 12 Novemba

Hawakucheza. Timu ya chuo cha maaskofu haikuwa na la kujadili kuhusu Jumapili, na nina hakika Burrows alishukuru kuliko askofu.

Walipelekwa kutembezwa kwenye shamba la miwa. Novemba ndio msimu wa kusaga: mkokoteni unaingia kinuni mmoja baada ya mwingine, bomba la moshi halizimi usiku wala mchana, na harufu ya sukari inayochemka inakufuata kwenye nguo. Kwa kijana wa Tennessee ilikuwa ni kama kwenda maonyesho ya Nane Nane, kuona mitambo na kurudi na kipande cha muwa mdomoni.

Lakini waliokuwa wakikata miwa ile walikuwa wengi wao wajukuu na watoto wa watumwa, na miaka kumi na miwili tu kabla ya ziara hii, Novemba 1887, wakataji Weusi waligoma katika ukanda huo wa sukari, wakitaka walipwe fedha taslimu na si vipande vya karatasi vya kununulia dukani kwa tajiri. Mgomo ulizimwa Thibodaux kwa bunduki, na watu wengi waliuawa. Wachezaji sidhani kama waliambiwa. Siku ya mapumziko huwa haina mambo ya namna hiyo.

Jumatatu, 13 Novemba. Baton Rouge

LSU, 34-0. Ushindi mkubwa kuliko wote wa safari, tena katika mechi ya nne. Mapumziko ya siku moja yaliwatosha, au LSU walikuwa wepesi. Mimi naamini yote mawili. Hakuna zaidi. Jioni wakarudi kwenye behewa lao, kichwa cha treni kikaelekea kaskazini.

Jumanne, 14 Novemba. Memphis

Juma moja kamili tangu waache viatu stesheni. Usiku mzima wamepanda na mto, zaidi ya kilomita 500 tena, mpaka Memphis, mji wa watu laki moja uliokuwa bado unaikumbuka homa ya manjano ya mwaka 1878. Wapinzani ni Chuo Kikuu cha Mississippi, Ole Miss kama wanavyojiita.

Ningependa kumsimamisha hapa Ormond Simkins, beki wa nyuma, mpiga mateke wa timu. Katika mchezo ule wa kusukumana, ukikwama nyuma unapiga teke refu kumrudisha mpinzani alikotoka, kisha unatulia na kumngoja akosee. Mguu wa Simkins ndio ulikuwa ngome yao. Alicheza akiwa na magoti mabovu, akaendelea kuyachezea miaka mingine tena baada ya 1899. Majeraha ya mpira hatimaye yalimlazimu kukatwa miguu yote miwili.

Basi nikisoma 12-0, mechi ya tano, siku ya sita, huwa siwezi kuisoma kama namba tu.

Jumla ya safari: pointi 91 kwa sifuri. Hakuna timu yoyote kati ya zile tano iliyofika mstari wa mwisho wa Sewanee hata mara moja. Mapato sina hesabu yake, lakini Lea hakuonekana kujuta.

Jumatano, 15 Novemba. Nyumbani

Mbuzi anapanda tena mlima kutoka Cowan. Chuo kizima kiko nje kuwapokea. Mapipa yamerudi, ya maji gani sasa Mungu ndiye ajuaye.

Niseme jambo moja kuhusu uwanja waliourudia. Bado upo, na timu ya Sewanee bado inachezea hapohapo, mahali palipoanza kuchezewa mwaka 1891. Chuo hakitoi ufadhili wa masomo kwa ajili ya mpira, kinacheza daraja la tatu. Kati ya huko na huku, mwaka 1932, kilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki mwa Marekani, ile ambayo leo ina Alabama na Georgia na inalipwa mabilioni na televisheni. Kilipojitoa mwaka 1940 kilikuwa kimecheza mechi 37 za ligi hiyo na kupoteza zote 37. Wachezaji wa mwaka 1899 waliokuwa hai walilishuhudia hilo. Saba kati ya timu walizozifunga vuli ile zilikuwa ndani ya ligi ileile.

Jumatatu, 20 Novemba

Cumberland wamekuja Sewanee. 71-0. Tuendelee.

Alhamisi, 30 Novemba. Montgomery

Treni tena. Safari hii kwenda Alabama, Sikukuu ya Shukrani, mji wa nyumbani kwa nahodha Seibels. Wapinzani ni Auburn, na kocha wa Auburn ni John Heisman, yuleyule ambaye jina lake liko kwenye tuzo anayopewa mchezaji bora wa vyuo kila mwaka.

Heisman alikuwa ameona walichoshindwa kukiona wengine. Timu nzito inayosukuma kwa pamoja huhitaji muda kujipanga; wewe usiipe muda. Auburn waliupanga mpira upesi upesi, jaribio juu ya jaribio, na kwa mara ya kwanza msimu mzima Sewanee wakafungwa. Kisha wakafungwa tena. Pointi kumi, zote alasiri moja. Ile sifuri iliyotoka Oktoba, ikapita Texas na Louisiana na kurudi, iliishia Montgomery mbele ya ndugu za nahodha.

Lakini Sewanee walikuwa na 11.

Heisman hakulala nalo. Alimshambulia mwamuzi magazetini, mwamuzi naye akajibu magazetini, na watu wa Alabama wakapata cha kusoma kwa siku kadhaa. Shabiki wa Kariakoo angejisikia nyumbani kabisa. Mimi, kwa kilichobaki kwenye maandishi, siwezi kusema nani alikuwa na haki. Naweza kusema tu kwamba timu iliyopoteza kwa pointi moja daima imeonewa.

Jumamosi, 2 Desemba. Atlanta

Siku mbili baadaye. Lea haoni shida na siku mbili. Kwake hiyo ni likizo. North Carolina wanataka ubingwa wa Kusini, wanaupata Sewanee, 5-0. Msimu umekwisha: mechi 12, ushindi 12, pointi 322 kwa 10.

Seibels aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la mpira wa vyuo mwaka 1973. Claiborne alivaa joho. Kijana wa ratiba aliendelea kupanga safari. Alianzisha gazeti Nashville mwaka 1907, akawa seneta wa Tennessee mwaka 1911, kisha kanali wa mizinga katika Vita Kuu ya Kwanza. Vita ilipokwisha, Kaisari Wilhelm wa Ujerumani alikuwa amejificha kwenye kasri la Amerongen, Uholanzi. Januari 1919 Lea alikusanya wanajeshi wachache wa Tennessee na magari, akatoka Luxembourg na kuvuka mpaka wa Uholanzi akiwa na wazo la kumteka Kaisari na kumpeleka Paris, kama vile ni mechi nyingine ya ugenini. Wakaingia hadi ndani ya kasri, wakapokewa kistaarabu, wakaambiwa Kaisari haonani nao. Nje askari wa Kiholanzi walishaanza kujaa.

Waliondoka mikono mitupu, isipokuwa mmoja wao aliyekuwa ameitia mfukoni sahani ya majivu ya sigara ya mzee Wilhelm. Jeshi lilimkaripia Lea kwa maandishi.